Bomba la udongo lililovunjika kando ya nyumba ya kikale: kulitafuta, kulifukua na kulitengeneza

Ukuta wa nyumba ya mawe ukianza kutoa unga mweupe, futi moja au mbili kutoka sakafuni, wengi wetu husema ni chumvi ya bahari, au ni uzee wa nyumba. Huitwa fundi wa rangi. Atakwangua, atapiga simiti, atapaka rangi mwezi wa Shaabani ili Idi ikute nyumba safi, na Mfungo Tatu haujaandama unga umesharudi, safari hii juu zaidi. Fundi hulaumiwa, rangi hulaumiwa. Lakini katika nyumba nyingi nilizoitwa kuangalia, Mji wa Kale, Makadara, Tudor na kwengineko hapa kisiwani, ugonjwa haukuwa ukutani. Ulikuwa chini ya ardhi, hatua mbili tatu kutoka ukutani, ndani ya bomba la udongo ambalo hakuna aliye hai katika nyumba ile aliyekumbuka kwamba lipo.

Nina diploma ya ujenzi, si mhandisi. Ninayoyaandika hapa ni ya mwenye nyumba anayetaka kujua fundi wake anafanya nini, au ya kijana mwenye nguvu zake anayetaka kuifanya kazi mwenyewe. Kazi si ngumu. Ni chafu, ni ya taratibu, na ikiharakishwa huweza kuangusha ukuta. Hilo la mwisho silisemi kwa kutisha, nitalieleza mbele.

Mabomba yenyewe

Haya ni mabomba ya udongo uliochomwa kwa moto mkali mpaka ukawa mgumu kama jiwe. Mengi ya kikale yana rangi ya tende na uso unaoteleza kama sahani. Ule mng'ao ulipatikana kwa kutupa chumvi ndani ya tanuu wakati moto umekolea. Chumvi ikageuka mvuke na kushikana na udongo. Kule Uingereza, Henry Doulton wa Lambeth, London, alifungua kiwanda cha mabomba ya namna hii mwaka 1846, wakati ambapo miji yao ilikuwa ikisumbuliwa na kipindupindu kwa sababu ya uchafu wa vyoo. Mtindo ule ukafuata dola yao ulikokwenda. Si kwamba Waswahili walingoja Mwingereza awafundishe choo. Anayetaka ushahidi aende magofu ya Gedi akaangalie vyoo na visima vya watu waliohama karne nyingi zilizopita. Kilichokuja baadaye ni bomba la kuyatoa maji machafu nyumbani na kuyapeleka kwenye bomba la mtaa au shimo la mbali.

Kila kipande kina urefu wa futi mbili au tatu tu. Upande mmoja una kikombe, upande wa pili ni mkia. Mkia huingia kikombeni, na pengo linalobaki lilijazwa kamba ya katani yenye lami kisha simiti. Udhaifu uko hapo. Udongo wa kuchomwa haushiki kutu wala hauliwi na maji ya choo, na ukiachwa salama hupita umri wa mtu. Lakini mstari wa mita tisa una viungo kumi hivi au zaidi, na kila kiungo ni simiti isiyojua kupinda. Ardhi ikicheza kidogo, simiti hupasuka. Mzizi mwembamba kama unywele hupenya, hukuta maji na mbolea ya bure, hunenepa, na ufa huwa mlango. Mwarobaini na mkungu ndio wezi wakubwa ninaowajua. Mti wa hatua sita kutoka kwenye bomba usidhani uko mbali.

Kabla hujagusa chochote, jua bomba lako ni la kazi gani. Kuna la maji machafu ya choo na bafu. Kuna la maji ya mvua, linalopokea maji ya gata. Na kuna la tatu ambalo mafundi wengi wa siku hizi hawalijui: bomba la kukausha msingi. Hili ni vipande vya udongo, mara nyingi bila kikombe, vilivyolazwa kando ya nyumba vikaachana kidogo kusudi, kiasi cha unene wa sarafu, ili maji yaliyo ardhini yaingie humo na yaondoke. Nimemkuta fundi akiziba mapengo hayo kwa simiti, moja baada ya jingine, kwa bidii ya kupigiwa mfano. Ukikuta vipande vimepangwa sawa sawa, juu yake kuna kokoto, na kila pengo ni sawa na jenzake, hakuna kilichovunjika hapo. Ondoa tope na mizizi, rudisha kokoto, basi.

Onyo moja. Baadhi ya mabomba ya kikale, hasa yale ya kijivu yanayoshuka ukutani na yale ya kutoa hewa ya choo, si ya udongo. Ni ya asbesto iliyochanganywa na simiti. La udongo ukiligonga hulia kama bakuli na ndani yake ni kahawia au jekundu. La asbesto lina sauti nzito, ni la kijivu mpaka ndani, na palipovunjika huona nyuzi. Hilo usilikate, usilipige tupa, usilifagie kavu. Vumbi lake linaua mapafu polepole. Mwite anayeruhusiwa kuliondoa.

Kwa nini kwetu huchukua miaka kujulikana

Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya jiwe la matumbawe, na jiwe hili lina vitundu na nyufa. Penye udongo wa mfinyanzi bomba likipasuka maji hutokea juu, huwa tope, na kila mpita njia huliona. Kwetu maji hunywewa na jiwe. Ukimwaga ndoo chooni yanaondoka vizuri kabisa, pengine vizuri kuliko zamani, na mwenye nyumba hufurahi. Yanakokwenda hakuna anayeuliza. Ama yamo chini ya msingi, ama yanaelekea kisimani.

La kisima ndilo linalonikosesha usingizi. Maji ya mfereji yanapokatika kwa siku kadhaa, watu hurudi kwenye visima vya nyumba na vya misikiti. Maji machafu yakipita kwenye mchanga mzuri huchujwa kiasi. Yakipita kwenye nyufa za matumbawe hayachujwi. Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara hupita njia hiyo hiyo. Huulizwa mara nyingine kama maji ya kisima kilicho karibu na bomba bovu yafaa kwa udhu. Hilo waulizwe masheikh, wao wanazo hukumu za maji mengi na machache, na za kubadilika rangi, ladha na harufu. Ninachojua mimi ni kwamba viini vya maradhi havina rangi wala harufu, na maji yanayoonekana meupe yanaweza kumlaza mtoto. Kisima kilicho karibu na bomba linaloshukiwa, maji yake yachemshwe mpaka yatokote, au yapimwe.

Dalili nyengine ni hizi: unga wa chumvi ukutani usiokoma hata kiangazi, sakafu ya baraza iliyozama sehemu moja, mende na panya wanaotoka mahali pasipo na tundu, majani mabichi penye mstari mmoja wakati uani kote kumekauka, na bafu linalotoa sauti ya kukoroma kila choo kinapovutwa. Moja peke yake si hoja. Mbili zikikutana, anza kupima.

Kupima bila kuchimba

Tafuta kwanza mashimo ya ukaguzi, menholi kama mafundi wanavyoyaita. Katika nyumba za kikale mara nyingi yamefunikwa kwa vigae vipya au zulia la simiti. Gonga sakafu ya uani kwa mpini wa nyundo. Penye uwazi husikika. Ukifungua, acha wazi kwa muda mrefu kabla ya kuinama, usiwashe kiberiti, na usimruhusu mtu yeyote kuingia ndani ya shimo refu au tangi la choo, hata kwa dakika moja, hata kwa kufuata kijiko kilichoanguka. Hewa ya humo humwangusha mtu bila onyo, na anayeingia kumwokoa hufuata. Misiba ya namna hiyo tumeizika kwetu Pwani zaidi ya mara moja.

Jaribio la kwanza ni la rangi. Ile rangi ya kutilia biriani inatosha. Koroga vijiko viwili kwenye ndoo ya maji, mimina bafuni, na mtu mmoja akae penye menholi akitazama. Kisha ndoo nyengine ya maji matupu nyuma yake. Rangi ikifika imekolea, bomba linapitisha. Ikifika hafifu, au isifike kabisa wala maji yasirudi juu, inapotea njiani. Fanya hivyo kwa kila choo, karo na gata peke yake, kila kimoja kwa rangi yake ikiwezekana, na andika. Nimewahi kukuta gata la nyumba nzima limeelekezwa kwenye bomba la choo la inchi nne. Masika yakipamba bomba lile hubeba lisichokiweza, na simiti ya viungo husukumwa nje.

La pili ni la kioo. Mtu mmoja aelekeze tochi kali ndani ya bomba kutoka menholi moja, wa pili ashike kioo kidogo kwa pembe penye menholi ya pili. Ukiona duara kamili la mwanga, mstari umenyooka. Ukiona mwezi mchanga, bomba limezama katikati. Ukiona giza, pameziba au pameanguka. Siku hizi wako mafundi wenye kamera za kupitisha ndani ya bomba na picha huionea kwenye simu. Kama unaweza kumlipa, mlipe, ni nafuu kuliko kuchimba mahali pasipo.

La tatu ndilo la kukata shauri. Ziba mwisho wa chini wa bomba, kwa kizibo cha mpira au mfuko imara uliojazwa mchanga na kufungwa kamba ndefu ya kuutolea. Jaza maji kutoka juu mpaka yaonekane. Ngoja saa moja, kwa sababu udongo mkavu na viungo vyake hunywa kidogo mwanzoni. Ongeza mpaka kwenye alama, halafu ngoja nusu saa. Kushuka kwa upana wa kidole kwenye bomba la kikale si ajabu. Kushuka mpaka usiyaone ni jibu.

Nyumba moja ya Kibokoni

Nieleze mfano mmoja, kwa sababu una mambo mengi kwa pamoja. Nyumba ya khalati yangu Kibokoni ilipigwa lipu ya simiti mara tatu upande wa stoo. Mara ya tatu ile lipu ilibambuka kama ganda la mkate na kutoka na vipande vya ukuta wenyewe. Rangi ya biriani tuliyomimina bafuni haikufika menholi. Tulipofuata mstari tukakuta kwamba miaka michache nyuma tangi jeusi la lita 1,000 lilikuwa limewekwa juu ya kibao cha zege, karibu na ukuta, ili kuhifadhi maji. Lita 1,000 za maji ni tani moja. Chini ya kibao kile, kiasi cha futi moja na nusu, ndipo bomba la udongo lilipopita. Vipande viwili vilikuwa vimepasuka kwa urefu, juu na chini, na viungo vya pande zote mbili vimefunguka. Kila aliyeoga katika nyumba ile alikuwa akiumwagia maji msingi wa stoo.

Tangi ni la lazima katika mji wetu, hakuna anayeweza kukaa bila akiba. Lakini kabla ya kuweka tangi, au kuegesha gari uani, au kupanga matofali ya kujengea ghorofa, uliza chini kuna nini.

Kuchimba

Msimu mzuri ni Januari na Februari, kaskazi imekauka na masika hayajafika. Kuchimba Mei ni kujitafutia mtaro unaojaa maji kando ya msingi.

Sasa lile nililoahidi. Nyumba nyingi za kikale hazina msingi wa zege. Ukuta wa nusu mita wa mawe na chokaa umekaa juu ya mawe makubwa yaliyoteremshwa kidogo tu ardhini. Kinachoushikilia pembeni ni ule udongo ulioshindiliwa na miaka. Ukichimba mtaro mrefu kuufuata ukuta, ukauacha wazi usiku kucha, umeunyang'anya ukuta egemeo lake, na ukuta huo huenda tayari umelowa. Kwa hiyo fungua mita moja tu kwa wakati mmoja pale mtaro unapokuwa karibu na ukuta, tengeneza, fukia, ndipo uende ya pili. Kipimo cha haraka ni hiki: tafuta kitako cha msingi kiko kina gani. Mtaro ulio futi mbili kutoka ukutani usishuke zaidi ya futi mbili chini ya kitako hicho. Ulio futi tatu, usizidi futi tatu. Ukilazimika kuzidi, au ukuta una ufa unaopitisha kidole, simama na umwite mhandisi aangalie kwanza. Mtaro wowote unaofika kifuani mwa mtu ushikiliwe kwa mbao pande zote.

Sururu itumike juu tu. Ukikaribia bomba shuka kwa koleo dogo na mikono iliyovaa glavu, kwa sababu kipande kizima kikipigwa sururu nacho kinaingia kwenye hesabu ya kununua. Udongo uliolowa maji ya choo uwekwe mbali na kisima, juu ya turubai, watoto wasiuchezee. Aliyechubuka aoshe kwa sabuni hapo hapo, na kama hajachanjwa pepopunda kwa miaka mingi aende akachanjwe.

Na ukikuta vigae vya kikale, shanga, sarafu au mifupa, usiendelee kana kwamba hujaona. Sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inataka ugunduzi wa namna hiyo uarifiwe Makumbusho ya Taifa.

Kutengeneza

Swali la kwanza ni kipande kimoja au mstari mzima. Rai yangu ni hii: kama ni kipande kimoja au viwili na viungo vingine vimepita jaribio la maji, kata palipoharibika uweke kipya. Kama viungo vitatu au zaidi vimefunguka, au mstari umezama, badilisha wote kutoka menholi hadi menholi. Kushona nguo iliyooza ni kupoteza uzi.

Kukata bomba la udongo kunataka subira. Kwa grainda yenye kisahani cha kukatia mawe, zunguka bomba lote kidogo kidogo, usizamishe mahali pamoja. Mwagia maji vumbi lisiruke, maji hayo yasifike kwenye umeme, na vaa miwani na barakoa nzuri. Vumbi la udongo wa kuchomwa nalo si la kuvuta. Asiye na grainda hujaza mchanga ndani ya bomba na kuushindilia, kisha hulizunguka kwa patasi na nyundo ndogo, mizunguko mingi ya kugonga taratibu, mpaka likatike lenyewe. Ule mchanga ndio unaolizuia lisisambaratike. Mafundi wa zamani walikata hivyo na palikatika kama pamekatwa kwa uzi. Kumbuka kuutoa mchanga wote baadaye.

Kipande kipya siku hizi huwa ni plastiki ngumu, PVC ya milimita 110, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Bomba la udongo la inchi nne lina uwazi wa inchi nne ndani, lakini kuta zake ni nene, kwa hiyo kwa nje ni pana kuliko la plastiki. Havikutani. Fundi huisukuma plastiki ndani ya kikombe cha udongo na kuipaka simiti pande zote, ikapendeza machoni. Simiti haishiki plastiki laini. Joto na baridi vikibadilika, plastiki hunyooka na kunywea, udongo hautikisiki, na baada ya muda ufa unazunguka kiungo chote.

Kinachotakikana ni kaplini ya mpira yenye mikanda ya chuma kisichoshika kutu, ile iliyotengenezwa kuunganisha mabomba ya vipimo viwili. Pima mzunguko wa nje wa bomba lako kwa uzi, upeleke uzi huo dukani, usiseme tu inchi nne. Kata plastiki iwe fupi kuliko pengo kwa sentimita moja hivi. Vuta kaplini zote mbili mpaka zikae mzima mzima juu ya kipande kipya, kilaze mahali pake, kinyooshe, kisha zirudishe zifunike viungo nusu kwa nusu, ukaze mikanda kidogo huku na kidogo kule. Ukikosa kaplini hizo kwenye maduka ya hadwea, na mara nyingi utazikosa, ni heri ubadilishe mstari mzima kuliko kurudi kwenye simiti.

Kwenye mstari mpya mzima, plastiki itakutana na ukuta wa menholi, na hapo simiti haina budi. Kwangua kwa msasa ile sehemu itakayoingia ukutani, ipake gundi ya PVC, na gundi ikiwa mbichi inyunyizie mchanga. Ikikauka huwa na uso mkavu wa kukwaruza, na simiti huung'ang'ania.

Mteremko ni sentimita mbili na nusu kwa kila mita kwa bomba la inchi nne. Mstari wa mita tisa wa khalati ulitaka sentimita 22 na nusu kutoka mwanzo hadi mwisho. Pimamaji fupi hudanganya kwa umbali huo. Tumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uujaze maji, usiache mapovu. Maji ya ncha zote mbili hukaa usawa mmoja hata nyumba ikiwa katikati. Anza kulaza kutoka chini kwenda juu, vikombe vikitazama kule maji yanakotoka. Kuna wanaodhani mteremko mkali zaidi ni bora. Kazi ya maji ni kuubeba uchafu, na mteremko ukiwa wa shoti maji hukimbia yakauacha nyuma.

Chini ya bomba weka mchanga au kokoto ndogo, unene wa sentimita 10, na chimbua vishimo mahali vikombe vitakapokaa ili bomba lilale kwa tumbo lake lote, lisining'inie kwa vikombe. Usilaze juu ya jiwe la matumbawe lililochomoza. Hilo ni meno. Mchanga uwe wa mtoni au wa machimbo. Wa ufukweni una chumvi, na chumvi hiyo itapanda ukutani. Rudia jaribio la maji sasa, kabla ya kufukia. Kisha funika pande zote na sentimita 10 au zaidi juu kwa mchanga ule ule, ndipo urudishe udongo kwa tabaka za kiasi cha kiganja, ukishindilia kwa mguu na mbao. Mabonge ya mawe yasirudi karibu na bomba. Kama ni njia ya gari au pa kuweka tangi na bomba halikwenda chini vya kutosha, mimina kibao cha zege juu, kikiegemea ardhi ngumu ya pande mbili za mtaro, kisiguse bomba.

Ukuta baada ya hapo

Bomba limepona, lakini ukuta bado una maji. Mafundi wa nyumba za kikale huhesabu mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene. Ukuta wa sentimita 50 ni inchi 20, hesabu mwenyewe. Bambua lipu yote ya simiti iliyolegea. Simiti huyafungia maji ndani yakapanda juu kutafuta pa kutokea. Unga wa chumvi ufagie kwa brashi kavu ukautupe mbali, usiuoshe, kwa kuwa ukiuosha unarudi ndani. Ukuta ukikauka, piga lipu ya chokaa na mchanga, upake chokaa juu. Wazee walitumia chokaa si kwa kukosa simiti peke yake. Chokaa huuacha ukuta upumue. Khalati alikaa na stoo isiyo na lipu mwaka na nusu, wageni wakimuuliza ana nini, na akawa anajibu kwamba anaanika nyumba.

Nani alipe, nani aulizwe

Kazi nyingi hukwama hapa. Nyumba ni ya marehemu babu, warithi ni kumi na wawili, watatu wako Oman na Uingereza, mmoja ndiye anayeishi humo na wengine wanaona bomba ni shida yake. Miaka inapita, ukuta unaliwa, na siku moja anatokea mnunuzi akawaambia nyumba mbovu haina bei, ni kiwanja tu, na wanauza kwa bei ya kiwanja. Nimeziona nyumba zikitoka mikononi mwa watu wetu hivyo. Warithi wanaosita wapelekewe picha ya jaribio la rangi na makadirio ya fundi yaliyoandikwa kwa mita na kina, si kwa siku. Makadirio ya siku hayana mwisho. Gharama igawanywe kwa mafungu yao ya mirathi, na aliyelipa aandikiwe. Kama nyumba ni wakfu, mafakihi wameshaliweka wazi: mapato yake hutangulia kuitengeneza kabla ya kugawiwa wanufaika. Kodi ya vyumba vya chini ikusanywe kwa bomba kwanza.

Bomba likipita chini ya ujia au kiwanja cha jirani, mwendee jirani kabla ya sururu, na wakubwa zake kama yupo mpangaji tu. Maji yako yakimdhuru, huna haki ya kungoja wakati wako mzuri. Kuchimba njia ya umma kunataka ruhusa ya kaunti. Ndani ya eneo la hifadhi la Mji wa Kale, pita kwanza kwenye ofisi ya hifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa. Kwa Lamu, mji ulio katika orodha ya turathi za dunia tangu 2001, ni vivyo hivyo, na huko angalia zaidi kwa kuwa kisima na choo mara nyingi vinagawana ua mmoja.

Kabla ya kufukia, chora. Karatasi moja inatosha: pembe ya nyumba, umbali wa bomba kutoka pembe hiyo, kina chake, ilipo menholi, na tarehe. Piga picha mtaro ukiwa wazi na utepe wa kupimia umelazwa kando. Nakala moja iwekwe pamoja na hati ya nyumba, nyengine ibandikwe ndani ya mlango wa stoo, mahali fundi ajaye atakapoiona.